Leba tunavua mbele ya watu, kwa nini kupima mlango wa kizazi tunaona aibu?

#1 MamaKibamba
Habari zenu wana jukwaa.

Nina miaka 38 na watoto watatu, wote nimejifungulia hospitali. Leba nimetembea bila nguo mbele ya manesi, dokta wa kiume na wanafunzi wake, wala sikujali nani ananiangalia. Lakini kila nikipeleka mtoto kliniki, nikiambiwa "mama, leo tunapima saratani ya mlango wa kizazi, ni bure, pita chumba kile," natafuta kisingizio. Niko kwenye siku zangu. Nimeacha maharage jikoni. Nitarudi wiki ijayo. Imekuwa hivyo miaka na miaka.

Juzi tumemzika jirani yetu kwa ugonjwa huu huu. Alikuwa anatoka damu baada ya tendo la ndoa, akanyamaza kwa sababu aliona aibu kusema. Mpaka anapelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani, ilikuwa imeshasambaa.

Sasa hoja yangu: hii siyo aibu ya kuvua nguo, maana ingekuwa hiyo tungeiona leba. Kuna kitu kingine. Mliopima mlivukaje? Na mnaokwepa kama mimi, mnakwepa nini hasa? Wanaume karibuni, ila kwa adabu.

#2 Shangazi_wa_Tandika
Pole kwa msiba mama.

Leba huoni aibu kwa sababu una uchungu, na kuna mtoto unakwenda kumchukua. Kwenye kipimo unaingia mzima, huumwi popote, akili zako zote unazo, halafu unavua ili uambiwe huenda una saratani. Huo ni woga. Aibu ni jina tunalolitumia kwa sababu linapendeza kuliko kusema "naogopa."

#3 NesiMstaafu
Nimefanya kazi kliniki ya mama na mtoto mpaka nastaafu, na naona wengi wanakimbia kitu ambacho hawajawahi kuelezwa. Wapo walioniambia wamesikia kizazi kinavutwa nje, kinaangaliwa, kisha kinarudishwa. Ngoja nieleze.

Unaingia chumbani, mlango unafungwa au pazia linavutwa. Unavua nguo ya ndani tu, gauni unapandisha, juu unabaki na nguo zako zote. Unajifunika khanga kuanzia kiunoni. Unalala chali, magoti juu, miguu umeitanua. Nesi anaingiza kifaa cha kupanulia njia, wengine wanakiita mdomo wa bata, anamulika kwa taa, kisha anapaka siki iliyozimuliwa, ya asilimia 3 hadi 5. Anasubiri dakika moja. Sehemu yenye mabadiliko inageuka nyeupe. Imekwisha, na majibu unapewa papo hapo.

Akiona weupe unaotibika pale, unagandishwa kwa baridi kali au unachomwa kwa kifaa cha joto, mara nyingi siku hiyo hiyo, na unarudi nyumbani kwa miguu yako. Baada ya matibabu mnapumzika tendo la ndoa wiki nne, na majimaji yatakutoka kwa muda. Usishtuke.

Kizazi hakitoki mahali pake. Ukikaza misuli unasikia kubanwa, ukilegea na kupumua taratibu unasikia baridi ya kifaa tu. Siki inaweza kuwasha kidogo. Na una haki ya kusema "subiri" au "toa" wakati wowote.

#4 Bintimlima
Asante nesi, ila sikubaliani na Shangazi hapo #2. Yangu mimi ni aibu kweli kweli. Nina miaka 33, sijaolewa, sijazaa, hiyo leba siijui. Nilikwenda kituo kimoja, nikaulizwa mlango ukiwa wazi, kwa sauti: "Umeolewa? Mara ya mwisho umelala na mwanaume lini? Umeanza ukiwa na miaka mingapi?" Nje kwenye benchi kuna kina mama wa mtaani kwetu wamekaa na watoto. Nilinyanyuka nikaondoka.

Kwa hiyo mimi nasema tatizo siyo sisi, ni mlango. Ukifungwa mlango, nusu ya aibu inakwisha.

#5 KakaTegeta
Samahani dada zangu, nauliza kutaka kujua. Nimesikia saratani hii inawapata wanawake waliotembea na wanaume wengi. Mke wangu nimemkuta binti, tumetulia kwenye ndoa yetu. Anakwenda kupima nini? Watu wakimwona pale si watamfikiria vibaya?

#6 TabibuWaKata
Kaka, umegusa penyewe, kwa hiyo nitakujibu vizuri.

Karibu saratani zote za mlango wa kizazi zinasababishwa na kirusi cha HPV, na aina mbili, 16 na 18, peke yake zinachangia takriban asilimia 70. Kirusi kinaambukizwa kwa ngono, kweli. Ila ni cha kawaida kiasi kwamba watu wengi walioanza maisha ya ndoa au mapenzi wamewahi kukipata, wanaume kwa wanawake. Mwenza mmoja anatosha. Mkeo anaweza kuwa na wewe peke yako maisha yake yote, akakipata kwako, na wewe ulikipata kabla hujamjua. Mwanaume mara nyingi haoni dalili yoyote.

Wengi mwili unakiondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kinachobaki kwa wachache ndicho kinabadilisha chembe za mlango wa kizazi polepole, miaka 15 hadi 20 mpaka iwe saratani. Kwa mwenye kinga dhaifu huenda miaka 5 hadi 10. Muda wote huo mwanamke haumwi, hatoki damu, hajui. Ndiyo sababu tunapima watu wenye afya, wasio na dalili. Nchini kwetu wanaokutwa na saratani hii ni kama 10,000 kila mwaka, na wengi wanakuja imeshakomaa.

#7 Shangazi_wa_Tandika
KakaTegeta "nimemkuta binti." Sawa baba, na yeye alikukuta nani? Jibu ukiwa umekaa.

Utani pembeni, swali lake ni zuri na ndilo linalowanyamazisha wanawake wengi. Huku kwetu mtu akionekana kwenye foleni ile, kesho mtaa mzima unajua "ana ugonjwa wa wanaume."

#8 MamaKibamba
Shangazi, sasa umehama. #2 ulisema ni woga wa majibu, hapa unasema ni maneno ya watu.

#9 Shangazi_wa_Tandika
Vyote vinakaa ndani ya mwanamke mmoja mama. Kwani wewe una kitu kimoja tu kichwani?

#10 UmmSalma
Assalaam alaykum.

Natokea Tanga. Naomba niseme ambalo naona wote mnalipita. Mnaizungumzia haya kana kwamba ni ugonjwa wa kutibiwa. Kwangu haya ni sehemu ya imani, sitaki iniondoke. Nataka iheshimiwe. Kujisitiri ni wajibu wangu, na kulinda uhai ni wajibu wangu pia. Panapokuwa na haja ya tiba, sheria imetoa nafasi, na akiwepo mwanamke wa kunihudumia namtanguliza yeye.

Nilichofanya: nilikwenda siku ya kwanza kuuliza tu. Nikasema nataka kupimwa na mwanamke, nataka mlango ufungwe, nataka aingie na mimi somo wangu, yule aliyenifunda nilipovunja ungo. Nesi hakununa, akanipangia siku. Somo alikaa upande wa kichwa changu akanishika mkono, akawa ananisomea dua mpaka tukamaliza. Yeye mwenyewe akapanda kitandani baada yangu.

Makungwi wetu wanatufundisha usafi, mume, kuangalia damu yetu. Wakiliongeza hili kwenye mafunzo yao, wanawake wengi wa Pwani watakwenda.

#11 MkaaziLikoni
UmmSalma hapo umesema. Huku kwetu Mombasa pia, mwanamke hamwamini dakitari kama anavyomwamini somo wake. Mamangu alipitia hospitalini na leso zake mbili, moja ya kujifunga, moja ya kujifunika uso! Akasema "wacha waangalie kule, uso hawataujua." Alipimwa vizuri, salama.

#12 Bintimlima
Kufunika uso! Mama yako nampenda bila kumjua.

#13 Mpitanjia_Mbeya
Mnasahau jambo moja. Vituo vingi chumba cha kipimo hiki kiko korido moja na CTC, kliniki ya wanaotumia dawa za VVU. Mimi nilifika mpaka kona, nikamwona shemeji yangu amekaa benchi la mbele, nikageuza. Angeniona pale angesema nimeanza dawa. Kwangu mimi sababu ni hiyo korido, hizo nyingine sizijui.

#14 Tumaini_hai
Mpitanjia, mimi ni mmoja wa wanaokaa kwenye hilo benchi. Natumia dawa za VVU na nina afya njema. Shemeji yako kama alikuwa pale na yeye alikuwa na lake.

Sisi tunaoishi na VVU tuko kwenye hatari mara 6 zaidi ya kupata saratani hii, ndiyo sababu chumba kimewekwa karibu na sisi. Tunashauriwa kuanza kupima mapema, miaka 25, na kurudia mara nyingi zaidi kuliko wengine. Mara ya kwanza nilikutwa na weupe nikagandishwa. Nikienda kliniki yangu ya kawaida wananikumbusha tarehe.

Sitaki kukusema vibaya, najua woga ulivyo. Ila ukigeuza kwa sababu ya benchi letu, sisi tunapona na wewe unabaki na usichokijua.

#15 Mpitanjia_Mbeya
Nimekuelewa dada Tumaini. Asante kwa kusema.

Bado nashauri wabadilishe mlango wa kuingilia.

#16 MdauLeicester
Nawasalimu kutoka Uingereza. Msidhani aibu hii ni ya kwetu tu. Huku mwanamke akifika miaka 25 anaanza kupata barua ya mwaliko nyumbani, anaendelea kualikwa mpaka miaka 64, ni bure, kuna chumba chenye pazia, nesi ni mwanamke. Na bado wapo wengi wanaotupa barua kwenye droo. Wazungu ninaofanya nao kazi ya kulea wazee wananiambia wanaona aibu ya harufu, ya mapaja, ya vinyweleo. Mwaka 2009 alifariki mwanadada maarufu wa televisheni, Jade Goody, akiwa na miaka 27, kwa saratani hii, na mwaka ule wanawake walimiminika kupima. Baadaye wakapungua tena.

Kwa hiyo Bintimlima, mlango kufungwa kunasaidia lakini hakumalizi. Huku milango imefungwa.

#17 Bintimlima
Basi huko wana sababu yao. Hapa naomba mlango kwanza.

#18 JikoLaAsha
Mmegusa vinyweleo, naomba niulize ambalo kila mtu anataka kuuliza. Lazima kunyoa?

#19 NesiMstaafu
Si lazima. Miaka yangu yote sijawahi kumrudisha mtu kwa vinyweleo, wala sivikumbuki. Macho yangu yako kwenye kitu kimoja kidogo cha rangi ya waridi mwisho wa njia.

Usinyoe asubuhi ile kwa haraka ukajikata. Usijioshe ndani kwa sabuni, ndimu wala shabu, vinaharibu kinachoangaliwa. Siku moja au mbili kabla, pumzika tendo la ndoa na dawa za kuweka ukeni. Ukiwa kwenye hedhi subiri iishe. Nawa kwa maji nje, vaa gauni au sketi pana, beba khanga, njoo. Harufu ya kawaida ya mwanamke tunaijua, na sisi tunayo. Ikiwa harufu si ya kawaida, hiyo nayo ina dawa.

#20 MzeeWaKahawa
Mimi ni mwanaume wa umri, nimesoma kimya tangu mwanzo. Mke wangu wa kwanza aliondoka kwa ugonjwa huu miaka ile ambayo hatukuujua hata jina. Mwisho alikuwa anajitenga chumba kingine kwa sababu ya harufu, hataki nimkaribie, analia ananiomba radhi. Yeye ananiomba mimi radhi. Niliumia sana na naumia mpaka leo.

Huyu wa sasa nilimpeleka mwenyewe. Nilikaa benchi lile na kofia yangu. Wanawake waliniangalia, nikawasalimia. KakaTegeta, mwanangu, mpeleke mkeo, kaa naye. Ukikaa pale wewe mumewe, nani atasema neno?

#21 KakaTegeta
Shikamoo mzee. Nimekuelewa, na pole sana.

Tabibu, nina swali la mwisho: akipimwa akakutwa na hicho kirusi leo, nitajuaje kama si cha jana?

#22 TabibuWaKata
Hutajua, na hakuna kipimo cha kukuambia. Kirusi kinaweza kukaa mwilini miaka bila kuonekana, kwa hiyo majibu ya leo hayamshtaki yeye wala wewe. Usilete kesi nyumbani kwa majibu haya. Wapo wanawake wanaoficha kadi kwa kuogopa swali hili hili, wakaacha kurudi kutibiwa.

#23 BintiSingida
Naomba niulize hapa kwa kuwa hakuna anayenijua. Mimi nilikeketwa nikiwa mdogo. Kuzaa nilizaa, manesi wakaitana kuja kuangalia. Tangu siku ile sijalala tena kwenye kitanda cha hospitali. Watu wa kwetu wako wengi hivi. Aibu yetu haifanani na yenu. Naogopa kuangaliwa kama maonyesho, na naogopa kuulizwa nani alinifanyia.

#24 NesiMstaafu
Mwanangu, pole. Walichofanya si sawa, hakuna sababu ya kazi ya kuita mwenzako aje kutazama.

Kipimo kinafanyika kwako vizuri. Vifaa viko vya saizi tofauti, mwombe atumie kidogo. Mwambie kabla hujavua, kwa maneno machache: "Nimekeketwa, sitaki mtu mwingine aingie, nenda taratibu." Ukiona uso wake umebadilika, funga khanga yako utoke, tafuta mwingine. Ulikuwa mtoto, hakuna kosa lako hapo.

#25 UmmSalma
BintiSingida, kama huna wa kwenda naye, niandikie faraghani. Singida ni mbali, ila tunaweza kumpata mwanamke wa huko wa kukusindikiza.

#26 Mwalimu_Geita
Uzi mzuri. Mimi nafundisha msingi. Kwa mabinti zetu kuna chanjo ya HPV, wanachomwa wakiwa na miaka 14, dozi mbili. Wazazi wengine wanakataa wakisema inazuia kizazi. Hii ndiyo dawa ya yote, wakichanjwa hawatahitaji kuvua kabisa.

#27 TabibuWaKata
Mwalimu, asante kwa kazi, ila hapo rekebisha mawili. Ilianza 2018 kwa wa miaka 14 kama ulivyosema, lakini tangu 2024 ni dozi moja, kwa mabinti wa miaka 9 hadi 14. Na chanjo haifuti kipimo, maana haizuii aina zote za kirusi. Aliyechanjwa naye akifika umri atapima. Kuhusu kizazi, chanjo haigusi uwezo wa kuzaa.

#28 MkaaziLikoni
Kenya ilianza 2019, kwa wasichana wa miaka kumi. Na maneno ya kuzuia kizazi yalikuwepo pia. Nadhani yalipanda basi moja.

#29 JikoLaAsha
Hivi hakuna namna ya kujipima mwenyewe? Nimesikia.

#30 TabibuWaKata
Ipo. Kipimo cha kutafuta kirusi chenyewe kinaruhusu mwanamke kujichukulia sampuli kwa kijiti laini, chooni au nyuma ya pazia, bila mtu kumwangalia. Shirika la Afya Duniani linakikubali, na lengo lao la 2030 la wanawake 70 kati ya 100 kupimwa kufikia miaka 35 na tena kufikia 45 linategemea kipimo cha namna hii. Ukiwa huna kirusi unakaa miaka 5 hadi 10 kabla ya kurudia, wakati kile cha siki hurudiwa kila miaka 3 hivi. Ila hakipo kila kituo hapa nchini, uliza kwanza. Na ukikutwa na kirusi, itabidi uangaliwe.

#31 Bintimlima
Sasa hapo umenipata! Kijiti, pazia, na hakuna maswali ya kwa sauti. Nitaanza kupiga simu vituo.

#32 Shangazi_wa_Tandika
Mimi nasimama na cha siki, unaondoka na jibu lako. Hicho cha kijiti unakwenda kulala unawaza majibu. Kwangu mimi mwenye woga, kusubiri kunaua.

#33 Bintimlima
Ndiyo maana nasema yako ni woga na yangu ni aibu. Tusilazimishane kipimo kimoja.

#34 MamaKibamba
Nimesoma yote, asanteni. Nimesikia woga, mlango, korido, mume, maneno ya watu, na la BintiSingida ambalo sikuwahi kuliwaza. Bado sijajua langu ni lipi. Nadhani kwa upande wangu leba niliitwa mama, nilikuwa nafanya kazi ya mama. Kwenye kipimo nakwenda kwa ajili yangu peke yangu, na sijazoea kuvua wala kuacha kazi za nyumbani kwa ajili yangu. Sijui kama kuna mwingine anaona hivyo.

Kingine: mama yangu ana miaka 61, hedhi ilishakoma zamani. Wiki hii ameniambia, kwa kunong'ona, anaona matone ya damu kwenye nguo. Nimsubirishe siku ya kipimo cha bure tukapime pamoja?

#35 NesiMstaafu
Hapana, usisubiri. Kipimo cha siki ni cha mtu asiye na dalili, hasa wa miaka 30 hadi 50, na kwa mtu wa umri wake hakionyeshi vizuri kwa sababu sehemu inayoangaliwa inakuwa imerudi ndani ya mlango wa kizazi. Damu baada ya hedhi kukoma inatakiwa kuangaliwa na daktari wa magonjwa ya wanawake, kesho asubuhi kama unaweza. Huenda ni kitu kidogo, lakini asiambiwe ni uzee. Mwambie daktari neno hilo hilo, "damu baada ya kukoma hedhi," ili asimweke foleni ya wanaochunguzwa tu.

#36 MamaKibamba
Sawa nesi. Nimeshamwambia ajiandae, tunatoka saa kumi na mbili asubuhi.

#37 JikoLaAsha
Mama hapo #34, mimi naona hivyo hivyo. Na mume wangu anaona pia, akiniona natoka bila mtoto ananiuliza nakwenda wapi.

#38 Shangazi_wa_Tandika
Basi hiyo ni sababu ya saba, na yenyewe nayo nitaibishia. Ngoja nifunge genge nirudi.